Hewa ya njia ya panya: kabureta inavyosingiziwa kwenye pikipiki kuukuu

Kutoka Lushoto, kwenye milima ya Usambara, kushuka Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za kona na mteremko. Ukiwa na pikipiki, mkono wa mafuta hauna kazi kubwa huko: unaachia, gia inashika, mlima unafanya yaliyobaki. Ndiyo maana siku ile nilishtuka. Nilikuwa nimeshapita Soni, nimeachia mafuta kabisa ili niingie kona, pikipiki ikaendelea kuvuma kana kwamba kuna mkono mwingine umeishika. Nikabana klachi. Mlio badala ya kushuka ukapanda. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo ukateremka, tena shingo upande.

Ni Yamaha DT175, injini ya mipigo miwili, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Niliirithi kwa baba mdogo, bwana shamba mstaafu, na kwa umri inawazidi vijana wengi wanaoitengeneza. Fundi wa kwanza aliisikiliza nusu dakika, akafuta mikono kwenye tambara. "Kaka, kabureta hii imechoka. Tafuta nyingine." Wa pili akabadilisha jeti ndogo, kile kijitundu kinachopima petroli ya mwendo wa chini, akaweka kubwa zaidi. Wa tatu akapandisha sindano inayopima petroli ndani ya kabureta ngazi moja na kukaza skrubu ya hewa hadi mwisho. Kila mmoja alilipwa chake, na kila mmoja alinirudishia pikipiki yenye ugonjwa ule ule. Ugonjwa ulikuwa sentimita chache tu kutoka pale bisibisi zao zilipokuwa zikizunguka: kwenye mpira mweusi unaounganisha kabureta na silinda.

Mafundi wengine huuita manifodi, wengine inteki. Mimi nitauita mpira wa kabureta, maana ndivyo nilivyouomba dukani nikaeleweka. Tahadhari moja tu: kabureta ina mipira miwili. Mmoja uko nyuma, unatoka kwenye chujio la hewa. Mwingine uko mbele, unaingia kwenye injini. Wa nyuma ukipasuka, injini haiyumbi sana, ila inakula vumbi, na vumbi jekundu la barabara zetu husaga ringi za pistoni na silinda kimya kimya. Huo ni msiba wa aina yake, lakini si wa leo. Ninaousema hapa ni wa mbele.

Hewa iliyopimwa na hewa isiyopimwa

Ili kuelewa kwa nini ufa mdogo unaleta vurugu kubwa, sharti kwanza tuelewane kabureta inafanya nini. Haimwagi petroli ovyo. Inapima. Hewa inapopita kwenye koo lake jembamba inaongeza mwendo, shinikizo linashuka, na petroli inanyonywa kutoka kwenye bakuli kupitia jeti kwa kiasi kinacholingana na hewa iliyopita. Petroli huungua kikamilifu ikikutana na hewa ya kiasi cha gramu 14.7 kwa kila gramu 1 ya petroli. Kabureta nzima, na vijeti vyake, sindano yake na skrubu zake, ni jitihada ya kukaa karibu na uwiano huo katika mwendo wa kila namna.

Fikiria kituo cha forodha mpakani. Kila mzigo unaopita pale unaandikwa na kulipiwa ushuru. Sasa pembeni pakitobolewa njia ya panya, mizigo itaingia nchini bila kuandikwa popote, na ofisa wa forodha, hata awe mwaminifu vipi, hesabu yake haitalingana na kilichopo sokoni. Ufa kwenye mpira wa mbele ni njia ya panya hiyo. Hewa inaingilia pale, baada ya kabureta, haijapita kooni, kwa hiyo haikuvuta petroli yoyote. Ndani ya silinda inafika hewa nyingi na petroli kidogo. Unamlaumu ofisa, unambadilisha ofisa, na njia ya panya bado ipo.

Tatizo hujitokeza zaidi ukiwa umeachia mafuta, kwenye sailensi, yaani ule mngurumo wa chini pikipiki ikiwa imesimama inajiendea yenyewe. Hesabu yake ni rahisi. Kabureta ya DT175 ni ya milimita 24, kwa hiyo koo lake likiwa wazi kabisa lina eneo la milimita za mraba zipatazo 450. Chukua ufa wa sentimita moja uliofunguka sehemu mbili za kumi za milimita, unene wa kadi nyembamba: eneo lake ni milimita 2 za mraba. Ukiwa umevuta mafuta yote, 2 juu ya 450 haifiki hata nusu asilimia. Injini haitambui. Lakini ukiachia, kile kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta kinaziba karibu njia yote, kinabaki na upenyo wa umbo la hilali, pengine milimita chache tu za mraba. Hapo ufa wa milimita 2 si mgeni tena, ni mwenye nyumba mwenza.

Ndiyo sababu watu husema, "Ikiwa kwenye mwendo haina shida, shida ni ikisimama." Kauli hiyo ingepaswa kumfanya fundi aangalie mpira kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna jambo linalochanganya hapa. Kama petroli imepungua, kwa nini injini inavuma zaidi badala ya kufa? Jibu ni kwamba kwenye sailensi kinachoizuia injini isikimbie ni uchache wa hewa. Kabureta nyingi hupangwa zitoe petroli ya ziada kidogo katika hali hiyo ili injini isizime ovyo. Ufa mdogo unaongeza hewa, ile petroli ya ziada inapata ya kuungua nayo, mzunguko unapanda. Ufa ukizidi kukua, petroli haitoshi tena, na sasa pikipiki inazima kila ukisimama kwenye zebra. Ugonjwa mmoja, sura mbili zinazopingana. Ukikutana na pikipiki ambayo asubuhi inazima na mchana inavuma, usishangae: mpira baridi ni mgumu na umejikunja namna moja, ukipata joto unalegea na ufa unajifungua namna nyingine.

Kwangu mimi kulikuwa na la ziada. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko chini yake kwa takribani mita elfu moja. Juu kule hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta ile ile inatoa mchanganyiko wenye petroli nyingi kuliko inavyotakiwa. Hiyo petroli iliyozidi ilikuwa ikiufunika ufa. Nyumbani pikipiki ilikuwa salama kabisa. Nikishuka bondeni kwenye hewa nzito, kifuniko kinaondoka. Lushoto ilikuwa ikinifichia ugonjwa. Na jeti kubwa aliyoniwekea fundi wa pili, aliyekuwa Mombo, ilituliza mambo Mombo, nikipanda kurudi nyumbani plagi inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni.

Kwenye injini ya mipigo minne, hewa hii inaudhi, inachosha kupiga kiki, inafanya bomba la moshi lipige kama fataki ukiachia mafuta, inapandisha joto. Mara nyingi unaweza kuishi nayo miezi. Kwenye ya mipigo miwili usijaribu. Mchanganyiko wenye petroli kidogo unaongeza joto juu ya pistoni. Pistoni ni ya aluminiamu, silinda ndani ni chuma, na aluminiamu hutanuka kuliko chuma. Ikitanuka kupita nafasi iliyoachiwa, inang'ang'ania. Gurudumu la nyuma linafunga ghafla, na kama ni kwenye mteremko wa Soni, Mungu atakuwa na la kusema. Ukihisi injini ya namna hiyo inaanza kukaza, bana klachi papo hapo, usiiachie mpaka umesimama.

Dalili, na zile zinazofanana nazo

Hapa ndipo wengi tunapotea, kwa sababu kila dalili ya mpira uliopasuka ina pacha wake. Pikipiki inayochelewa kushusha mlio inaweza kuwa na waya wa mafuta unaokwama. Washa injini, iache kwenye sailensi, kisha geuza usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho. Mlio ukibadilika kwa kugeuza usukani, ni waya unaovutwa. Mpira hauna kesi.

Jeti ndogo iliyoziba nayo huleta njaa ya petroli inayofanana kabisa na hewa ya ziada, kwa sababu matokeo ni yale yale: petroli kidogo kwa hewa iliyopo. Injini ikiwa imeshapata joto, vuta choki, ile inayoongeza petroli wakati wa kuwasha injini baridi. Ikitulia na kuwa nzuri, injini ina njaa ya petroli. Ikisongwa na kutaka kuzima, haina njaa, tafuta ugonjwa mwingine. Lakini choki haikuambii kama njaa imetokana na jeti au na ufa. Inakuambia tu kwamba ipo.

Plagi nayo ni shahidi mzuri akihojiwa vizuri. Ile kauri ya katikati ikiwa na rangi ya kahawia ya chai ya maziwa, mambo ni sawa. Ikiwa nyeupe kama chaki, ina joto kupita kiasi. Usiitoe baada ya kuzurura mjini ukadhani umesoma kitu. Iendeshe kwa namna inayoleta tatizo, zima, kisha itoe.

Na skrubu ya hewa. Kwenye kabureta ya aina niliyo nayo, skrubu hiyo iko upande wa chujio, na kawaida huanza kwenye mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipokaza. Kama sailensi inakuwa nzuri tu skrubu ikiwa imefungwa yote, kabureta inakulilia kwamba kuna hewa nyingine inayoingia. Fundi wangu wa tatu aliisikia lugha hiyo akaitafsiri kinyume. (Kwenye kabureta ambazo skrubu iko upande wa injini, mambo yanageuka: ile inapima petroli, na kuifungua ndiko kunakoongeza. Jua kwanza ya kwako iko wapi.)

Kumkamata mwizi akiwa kazini

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Korogwe ambaye karakana yake ni mwembe na benchi. Nilimwamkia, nikaanza hadithi ndefu ya jeti. Akanikatisha: "Mwanangu, iwashe kwanza. Hadithi baadaye." Ikawa kwenye sailensi. Akaweka kiganja juu ya kabureta, akaisukuma chini taratibu, kama mtu anayejaribu uimara wa meza. Mlio ukapanda. Akaiinua kidogo kwa chini. Mlio ukashuka, ukawa mtamu. Chini, juu. Chini, juu.

"Umesikia?"

Kila alipoibana kabureta chini, shingo ya mpira ilikuwa ikikunjwa na ufa ukipanuka. Kipimo hicho hakina gharama, hakina kifaa, kinachukua nusu dakika, na katika watu watatu waliotangulia hakuna aliyekifanya.

Njia inayosifiwa sana ni kupuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka mpira na kusikiliza kama mlio utabadilika. Inafanya kazi, kwa sababu dawa ile inaungua ikivutwa ndani. Ila inaungua pia nje. Bomba la moshi liko jirani na limeshapata moto, waya wa plagi uko jirani, na tangi la petroli liko juu ya yote. Mimi natumia chupa ya kupuliza maji, ile ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Nyunyiza ukungu mwembamba sehemu moja, subiri, hamia nyingine. Maji yakifika kwenye ufa yanauziba kwa sekunde moja mbili, na mlio unabadilika, mara nyingine unasikia kabisa kanyonyo kadogo. Usimwage ndoo, na usipulize upande wa chujio.

Kipimo cha kumaliza ubishi ni kuutoa mpira. Osha, kausha, kisha uukunje kwa vidole pande zote huku ukiangalia, hasa upande wa chini ambao jicho haliufikii ukiwa umefungwa, na pale mpira unapokutana na bamba la chuma. Mpira huu kiwandani hushikizwa kwenye bamba kwa joto, na kwa miaka ule mshikamano huachia kimya kimya. Mzee aliukunja wa kwangu, na upande wa chini ufa ukafunguka kama mdomo wa perege.

Lakini macho peke yake hudanganya kwa pande zote mbili. Mpira mkongwe unaweza kuwa na mikunjo na nyufa ndogo ndogo juu kama kisigino cha mkulima na ukawa haupitishi hewa hata chembe. Mwingine unang'aa, na umeachia kwenye bamba. Ziba tundu moja kwa kiganja au kwa kipande cha mpira laini, puliza kwa mdomo upande wa pili, na uuzamishe kwenye beseni la maji. Mapovu hayana upendeleo.

Mpira ukiwa mzima na dalili zipo, usirudi bado kwenye kabureta. Angalia kilichoko chini ya bamba: gasketi, au oringi (pete ya mpira ya kuzibia) iliyobonyea ikawa bapa. Angalia vijibomba vidogo kwenye mpira wenyewe, ambavyo pikipiki nyingine zinavyo kwa ajili ya koki ya petroli inayofunguliwa na mvuto wa injini au kwa vipimo vya kulinganisha kabureta; vikofia vyake vya mpira hupasuka au kupotea na hakuna anayevikumbuka. Na kwa injini ya mipigo miwili kuna mshukiwa mwingine mzito, sili za kranki, yaani mipira inayoziba ncha mbili za mtaimbo unaozungushwa na pistoni. Ya upande wa sumaku ikichoka inavuta hewa kavu, dalili zake ni zile zile za mpira. Ya upande wa klachi ikichoka inavuta oili ya gia, na hapo utaona moshi mwingi na oili ya gia ikipungua bila kuvuja chini.

Kwa nini mpira, na kwa nini unakufa

Kuna rafiki aliyenishauri nichongeshe bomba la chuma kwa mtu wa kuchomelea ili tumalize kesi. Wazo linavutia, ila mpira haukuwekwa pale kwa ubahili. Unazuia mitikisiko ya injini isiifikie kabureta. Kabureta ikitikiswa sana, petroli kwenye bakuli inafanya povu, boya linashindwa kushika usawa, na unapata ugonjwa mpya usio na jina. Mpira unazuia pia joto la silinda lisipande hadi kwenye petroli.

Unakufa kwa joto, kwa mvuke wa petroli na kwa umri, na hayo hayazuiliki. Yanayozuilika ni mawili. La kwanza ni klipu iliyokazwa kwa hasira mpaka ikauma mpira. La pili ni kabureta inayoning'inia kwa sababu ule mpira wa nyuma haupo au chujio limeondolewa, kwa hiyo uzito wote unabebwa na shingo ya mpira wa mbele kwenye kila shimo la barabara. Ukiona pikipiki isiyo na chujio, kabureta wazi na kasoksi kamevalishwa kuzuia vumbi, unajua na mpira wake wa mbele una siku ngapi.

Viraka

Uko porini, mpira umepasuka, duka liko kilomita 60. Hapo hakuna falsafa. Kata utepe wa tyubu wenye upana wa vidole viwili, futa oili yote kwenye shingo ya mpira, uzungushe utepe ukiuvuta sana, tabaka juu ya tabaka kama unavyofunga mpini wa jembe, umalizie kwa fundo au waya mwembamba. Utafika nyumbani. Punguza mwendo, na kama ni ya mipigo miwili usishuke mteremko mrefu ukiwa umeachia mafuta muda wote. Vuta kidogo kidogo ili injini ipate petroli, na breki zifanye kazi yake.

Ila kiraka hicho kina mwisho, na sababu unaweza kuiona mwenyewe. Kata kipande cha tyubu, pima urefu wake, kilaze kwenye kifuniko chenye petroli usiku kucha. Asubuhi kitakuwa kimevimba na kulegea kama kitumbua kilicholowa chai. Tyubu imetengenezwa ishike upepo, haikutengenezwa kuishi na petroli. Silikoni ya kupaka, ile ya kwenye tyubu nyekundu au nyeusi ambayo mafundi wetu wanaipaka hadi kwenye tangi, nayo ni hivyo hivyo: petroli inaivimbisha, inabanduka. Ukiipaka nje inaweza kuvumilia siku kadhaa. Ukiipaka ndani ya mpira, siku moja kipande kitang'oka na kuvutwa hadi kwenye vile vibamba vyembamba vinavyofungua na kufunga njia ya kuingilia, na utatamani ungebaki na ufa wako. Supa glu na gundi za chuma zina kosa tofauti, zinakauka ngumu. Mpira unajikunja, gundi haijikunji, ufa unafunguka pembeni yake.

Mipira ambayo haijapasuka bali imekuwa migumu kama pembe ina dawa yake ya kienyeji ya wapenzi wa pikipiki za zamani: mafuta ya wintagrini yaliyochanganywa na zailini (kimiminika cha kuyeyushia rangi), mpira unalowekwa siku moja au zaidi mpaka ulainike. Hunukia kama dawa ya kuchua misuli, kwa sababu kiungo chake kikuu ndicho hicho hicho. Fanyia nje, mbali na moto na mbali na watoto, maana zailini haina urafiki na mapafu. Inalainisha kweli. Haiunganishi ufa. Kwa mpira ambao bado unauzwa, sioni faida ya kujisumbua hivyo. Kwa pikipiki adimu ambayo spea zake zimekatika, hapo sawa.

Kufunga mpya

Nenda na ule wa zamani mkononi, iwe unakwenda Kariakoo au Kirinyaga Road ya Nairobi. Jina peke yake halitoshi, maana muuzaji atakuambia "huu unaingia tu". Linganisha nafasi za matundu ya boliti, upana wa ndani, urefu, na pembe ambayo shingo imeelekea. Tundu la ndani likiwa dogo kuliko la silinda linaacha kingo inayokatiza mkondo wa hewa. Minya kwa vidole: uwe unakubali kubonyea na kurudi. Mpira wa nakala duni mara nyingi huwa mgumu tangu dukani, na baadhi bamba lake la chini halijanyooka.

Kuhusu kunyooka ndipo penye kazi yenyewe. Safisha uso wa silinda, toa mabaki yote ya gasketi bila kukwaruza. Chukua kioo bapa, juu yake laza msasa wa namba 400, weka tone la oili, na usugue bamba la mpira kwa kulizungusha kama namba nane. Mara chache za mwanzo zitakuonyesha ukweli: pale panapong'aa pameinuka, pale palipobaki peusi pamebonyea. Endelea mpaka pote pang'ae sawa. Gasketi mpya, au oringi mpya ya nitraili, aina ya mpira ambayo inavumilia petroli. Hakuna silikoni. Boliti zifungwe kwa kupokezana, kidogo huku kidogo kule. Hizi za milimita 6 zinataka kama nyutoni-mita 10 tu, yaani spana fupi na vidole, si mguu.

Shingo ikikataa kuipokea kabureta, iloweke kwenye maji ya moto dakika chache, itakubali. Sukuma hadi ifike mwisho wake, hakikisha imesimama wima, kwa sababu kabureta iliyolala upande inaharibu usawa wa mafuta kwenye bakuli. Klipu ikae kwenye mfereji wake, ikazwe mpaka kabureta isizunguke kwa mkono, basi. Rudisha mpira wa nyuma na chujio.

Wenye bodaboda za muundo wa Honda CG125, na ndugu zake wengi wa Kichina, watasema kwao hakuna shingo ya mpira wala klipu: kabureta imefungwa kwa boliti mbili, katikati kuna kipande kinene cheusi kigumu cha kuzuia joto, na oringi. Ugonjwa wao ni jirani wa huu. Mikono mizito imezikaza zile boliti mbili miaka nenda rudi, na uso wa kabureta, ambao ni wa madini laini, umepinda kama ndizi. Weka ukingo wa rula juu yake, uelekeze kwenye mwanga: ukiona mwanga katikati, hewa nayo inaiona njia hiyo. Dawa ni kioo na msasa ule ule, kwa subira, ukiangalia usiumalize mfereji wa oringi. Halafu ficha spana ndefu.

Kazi haiishii kwenye kufunga. Kila kilichochezewa wakati wa kumtafuta mchawi sharti kirudi kilipokuwa, la sivyo kabureta iliyopangwa kwa ajili ya ufa itaendelea kumwaga petroli kwa ajili ya ufa usiokuwepo. Mimi nilirudisha jeti ndogo ya awali, sindano kwenye ngazi yake ya katikati, skrubu ya hewa mzunguko mmoja na nusu, kisha nikapandisha sailensi kwa skrubu yake, maana ilikuwa imeshushwa mno. Nikaipa joto, nikarekebisha robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Wiki iliyofuata nilishuka tena. Kona ile ile baada ya Soni nikaachia mafuta, mlio ukashuka papo hapo, nikasikia breki na upepo tu. Mombo nilitoa plagi: chai ya maziwa. Zile jeti nilizouziwa ziko kwenye kopo la dawa ya viatu juu ya kabati, na kabureta iliyoambiwa imechoka ndiyo niliyopanda nayo kurudi nyumbani jioni ile.